UZI: Dajjal ni mtu au ni mfumo? Hadithi za mwisho wa zama tuzichukue kama zilivyo au ni mafumbo?

Assalam alaykum wakuu, na wa imani nyingine karibuni pia maana najua huku tunachanganyika.

Kila kikiwaka huko Gaza, Syria au Iran magrupu ya WhatsApp yanajaa klipu za Dajjal, yule mdanganyifu mkubwa atakayetoka kabla ya Kiyama. Mmoja anakwambia Dajjal ndo mfumo wa mabenki, jicho moja ni kamera ya simu, punda wake ni ndege za abiria. Mwingine anakuja juu, umekufuru wewe, Dajjal ni mtu wa nyama na damu na kutoka kwake ni leo au kesho. Wanatukanana mpaka admini anafunga grupu. Na wanaoumia ni watu wa kawaida, mama wa watu hajasoma sana, anafowadiwa klipu saa tano usiku ina muziki wa kutisha na sauti nzito, halali mpaka alfajiri.

Msimamo wangu nauweka mapema ili mtu asije akasema nimezunguka. Msingi ni dhahiri ya maneno, yaani maana yake ya moja kwa moja. Majazi, yaani lugha ya mafumbo, yapo kwenye maneno ya Mtume (S.A.W.), hakuna mwanachuoni anayekataa, ila yana masharti yake. Na pande zote mbili, wa dhahiri na wa mafumbo, mara nyingi zinaanguka shimo moja: kuibandika hadithi jina la mtu, jina la nchi au tarehe kabla jambo lenyewe halijatokea. Hicho ndo nataka tukijadili, ubishi wa nani kafiri nani si kafiri tuuache mlangoni.

Tuanze na hadithi ambayo nashangaa watu wa mafumbo hawaitumii. Imo kwenye Bukhari na Muslim, vile vitabu viwili vya hadithi vinavyoaminika zaidi. Wake za Mtume walimuuliza ni nani kati yao atakayemfuata mwanzo baada ya yeye kufariki, akawajibu ni yule mwenye mkono mrefu zaidi. Unajua walifanya nini? Walichukua ufito wakapimana mikono. Hawa ni Mama wa Waumini, Waarabu wenyewe, wanaishi naye nyumba moja, wakaichukua kauli ilivyo kabisa. Kwa vipimo Bi Sawda ndo alikuwa na mkono mrefu. Mtume akafariki, miaka ikapita, mwaka wa 20 Hijria akafariki Bi Zaynab bint Jahsh, na alikuwa mwanamke mfupi. Hapo ndo wakaelewa kumbe urefu wa mkono ni sadaka, maana Bi Zaynab alikuwa anafanya kazi ya ngozi kwa mikono yake na alichopata anagawa kwa masikini.

Kwahiyo utabiri wa Mtume unaweza kuja kwa majazi, na waliokuwa karibu naye kuliko sisi wote wakaufahamu kwa dhahiri mpaka tukio lilipofika. Watu wa mafumbo hapo wana hoja na tuwape haki yao. Ila angalieni vitu viwili. Kwanza maana waliyoipata ni maana ambayo Mwarabu anaitumia, mtoaji kuitwa mwenye mkono mrefu ni lugha yao ya kila siku, haikutolewa hewani. Pili waliijua BAADA ya tukio. Hakuna aliyesimama kabla akasema mkono ni fumbo na mimi najua ni fulani.

Sasa njooni upande wa pili. Sahihi Muslim, hadithi ndefu ya Nawwas bin Samaan. Mtume anamuelezea Dajjal, wanamuuliza atakaa duniani muda gani, anasema siku 40, siku moja kama mwaka, moja kama mwezi, moja kama wiki, na zilizobaki kama siku zenu hizi. Masahaba hawakuuliza hiyo siku kama mwaka ni fumbo la nini. Wakauliza swali la watu wanaoswali: ewe Mtume wa Allah, siku hiyo iliyo kama mwaka, zitatutosha swala za siku moja? Akajibu hapana, ikadirieni kwa kipimo chake. Yaani mgawanye muda na mswali swala zote za mwaka mzima ndani ya siku hiyo moja.

Hapa mimi huwa nasimama. Angekuwa anazungumzia fumbo, hapa ndo palikuwa mahali pa kuwaambia jamani mbona mmechukulia hivyo. Badala yake akawapa hukumu ya swala. Na hukumu hiyo inafanya kazi mpaka leo, wanazuoni waliitegemea kujibu suala la Waislamu wa nchi za kaskazini kabisa. Kule Tromsø, Norway, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa saba jua halizami, unaswali Magharibi saa ngapi? Unakadiria, na mojawapo ya dalili kubwa ni hii hii hadithi ya Dajjal.

Sasa yupo Sheikh Imran Hosein wa Trinidad, darsa zake za YouTube zinaangaliwa sana hata huku kwetu, yeye anasema siku kama mwaka ni zama za Uingereza kutawala dunia, siku kama mwezi ni zama za Marekani, siku kama wiki ni zama za Israeli. Ni mtu msomi, namheshimu, na watu wengi walianza kufuatilia siasa za dunia kupitia yeye. Ila swali langu ni moja tu, swala zilikadiriwa vipi siku ya Uingereza? Babu zetu Mombasa na Unguja waliishi chini ya Muingereza miaka mingi na waliswali swala tano kila siku jua likichomoza na kuzama kama kawaida. Hukumu aliyoitoa Mtume inabaki haina pa kukaa. Taawili, yaani tafsiri ya mafumbo, ambayo inabeba nusu ya hadithi na kuitupa nusu nyingine mimi siwezi kuipokea, hata msemaji awe na elimu kiasi gani.

Kipimo hicho hicho kipelekeni kwenye dalili nyingine ya Kiyama, jua kuchomoza magharibi. Wapo wanaosema maana yake Uislamu utaenea Ulaya na Marekani. Maneno mazuri, yanafurahisha, ila someni Suratul An'am aya ya 158 pamoja na hadithi ya Bukhari, siku watu watakapoliona jua linatoka magharibi wote wataamini, na hapo imani haitamfaa mtu ambaye hakuwa ameamini kabla. Mlango wa toba umefungwa. Sasa kama jua ni Uislamu kufika Ulaya, yule kijana wa London anayesilimu leo toba yake haikubaliwi? Hakuna anayethubutu kusema hivyo. Pale maneno yanapofungamana na hukumu ya toba, ya swala, ya dua, ukiyageuza fumbo unavunja na hukumu.

Halafu kuna tukio la kihistoria ambalo nasikitika halifundishwi vya kutosha madrasa. Bukhari na Muslim wote wamepokea kwamba Kiyama hakitasimama mpaka utoke moto katika ardhi ya Hijazi uangaze shingo za ngamia wa Busra. Busra ni mji wa Syria, kusini ya Damascus, mamia ya kilomita kutoka Madina. Imam Bukhari alifariki mwaka 256 Hijria. Mwaka 654 Hijria, yaani 1256 kwa kalenda ya kawaida, ardhi ilitetemeka Madina siku kadhaa halafu volkano ikapasuka upande wa mashariki ya mji, moto ukaendelea zaidi ya mwezi. Watu walikusanyika msikiti wa Mtume wanalia na kutubu. Barua zikafika Damascus, Abu Shama akazinukuu kwenye historia yake. Na Imam Nawawi, mtu wa Nawa, mji ambao uko eneo hilo hilo la Hauran jirani na Busra, akaandika kwenye sherehe yake (ufafanuzi) ya Sahihi Muslim kwamba moto huu umetoka katika zama zetu. Alikuwa hai. Mawe yale meusi ya lava yapo Madina mpaka leo, Harrat Rahat, aliyekwenda hija anaweza kuwa ameyaona.

Fikirieni kama miaka 100 kabla ya hapo mtu angekaa akasema moto wa Hijazi ni fumbo la elimu itakayotoka Madina iangaze Syria. Ingependeza kweli masikioni. Na ingekuwa si kweli.

Ila na nyie wa dhahiri msishangilie sana, zamu yenu inakuja.

Kuna kijana aliishi Madina zama za Mtume anaitwa Ibn Sayyad, alizaliwa kwenye familia ya Kiyahudi, ana mambo ya ajabu ajabu, watu wakaanza kumshuku kwamba yeye ndo Dajjal. Sayyidna Umar akaomba ruhusa amkate kichwa. Jibu la Mtume naomba mlisome taratibu: kama ndiye, hutaweza kumfanya kitu, na kama siye, huna kheri yoyote katika kumuua. Akamuacha. Kijana akakua, akasilimu, akawa na watoto. Siku moja yuko safarini kwenda Makka na Abu Said al-Khudri, akamlalamikia, kwamba watu wanasema mimi ni Dajjal, si Mtume amesema Dajjal hatakuwa na mtoto? Mimi nina mtoto. Si amesema hataingia Makka wala Madina? Mimi nimezaliwa Madina na sasa nakwenda Makka. Akasema amefikiria achukue kamba aifunge kwenye mti ajinyonge kwa yale anayoambiwa na watu. Imo Sahihi Muslim hiyo. Abu Said anasema alikaribia kumuonea huruma kabisa, halafu Ibn Sayyad akasema neno lingine lililomrudisha kwenye shaka, kwamba anajua Dajjal alipozaliwa na alipo sasa. Mpaka leo wanazuoni hawajamaliza mjadala wake.

Mimi hii habari inaniuma kila nikiisoma. Masahaba wenyewe, wenye sifa za Dajjal kutoka mdomoni mwa Mtume, walishindwa kukata shauri kuhusu jirani wanayemuona kila siku sokoni. Sisi na klipu ya dakika mbili tumeshampata.

Na kubandika majina kumemwaga damu. Tarehe 20 Novemba 1979, siku ya kwanza ya mwaka 1400 Hijria, Juhayman al-Utaybi na wafuasi wake mamia waliingia Msikiti wa Makka na silaha baada ya swala ya alfajiri, wakafunga milango, wakamtangaza Muhammad bin Abdullah al-Qahtani kuwa ndo Mahdi, yule kiongozi anayesubiriwa mwisho wa zama. Hawa hawakuwa watu wa mafumbo hata kidogo. Jina limelingana na la Mtume, la baba limelingana, kiapo kati ya Rukni (pembe ya Kaaba) na Maqam Ibrahim kama ilivyopokelewa, mwanzo wa karne mpya, na ndoto juu ya ndoto. Wakawa wanasubiri lile jeshi ambalo hadithi inasema litamezwa na ardhi. Jeshi lilikuja, ardhi haikummeza mtu. Al-Qahtani akauawa ndani ya wiki hizo mbili za mapigano, na Januari 1980 watu 63 wakakatwa vichwa kwa upanga. Nyumba ya Allah ilijaa maiti na matundu ya risasi kwasababu watu walichukua hadithi wakaivalisha mtu wanayemjua.

Sudan ilikuwa kabla ya hapo, Muhammad Ahmad bin Abdallah akajitangaza Mahdi 1881, akaiteka Khartoum Januari 1885, miezi michache baadae akafariki kwa maradhi. Na hawa wa juzi, ISIS, walichukua hadithi ya Muslim kuhusu Warumi kushuka Dabiq, kijiji kidogo kaskazini ya Aleppo, wakatangazia dunia kwamba vita kuu ya mwisho itapigwa pale, gazeti lao wakalipa jina hilo hilo. Oktoba 2016 kijiji kilichukuliwa na waasi wa Syria wanaosaidiwa na Uturuki, Waislamu kwa Waislamu, karibu bila vita ya maana. Hadithi ya Dabiq ni sahihi na nitaitetea siku zote. Waliotudanganya ni wale walioipangia tarehe.

Nirudi kidogo kwa wanazuoni wa upande wa majazi, si wote ni watu wa mitandaoni. Sheikh Muhammad Abduh, mufti wa Misri aliyefariki 1905, inapokelewa kwenye Tafsiri ya Manar kwamba aliona kushuka kwa Nabii Isa kunaweza kueleweka kama kushinda kwa roho ya ujumbe wake, huruma na amani, na Dajjal kama alama ya uongo na khurafati. Sheikh Mahmud Shaltut, ambaye baadae akawa Shekhe Mkuu wa Azhar, mwaka 1942 alitoa fatwa kwamba hakuna dalili ya kukata kabisa kwamba Isa alipaishwa na mwili wake na atashuka. Alijibiwa vikali, Mustafa Sabri akamjibu, Zahid al-Kawthari akamjibu, kwa hoja kwamba hadithi za kushuka kwa Isa zimefika daraja la mutawatir, yaani zimepokelewa na watu wengi mno kiasi kwamba haziwezi kuwa uongo. Mimi niko na hawa waliojibu. Ila angalieni staili ya Abduh na Shaltut, hawakusema Dajjal ni nchi fulani na Isa ni mimi. Hilo ni la kuwaheshimu.

Kwa ndugu zetu Ahmadiyya habari inakuwa nyingine, na hapa inatuhusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Mirza Ghulam Ahmad wa Qadian, India, kuanzia 1891 alisema Isa amekufa, atakayekuja ni mtu anayefanana naye, na mtu huyo ni yeye. Hadithi inasema Isa atashuka na nguo mbili za rangi ya njano, yeye akasema ni maradhi mawili aliyonayo. Hadithi inataja mnara mweupe mashariki ya Damascus, mwaka 1903 likawekwa jiwe la msingi la mnara Qadian. Mimi hapo nina swali la dhati si kejeli, kama mnara ni fumbo kwanini ujengwe wa matofali, na kama ni wa matofali kwanini usiwe Damascus? Ubishi huu ndo uliofika pwani yetu, Ahmadiyya wakatoa tafsiri ya Qurani kwa Kiswahili 1953 chini ya Sheikh Mubarak Ahmad, na Sheikh Abdullah Saleh Farsy naye akatoa ya kwake kamili 1969 na ndani yake ana maneno makali ya kuwajibu, hasa zile aya za Nabii Isa. Wazee wetu wameshalijadili hili kwa elimu na vitabu. Sisi tunalijadili kwa matusi.

NAENDELEA, nimeona komenti zimekuwa nyingi, nijibu baadhi.

"Qurani haijamtaja Dajjal hata mara moja, kwanini tusumbuke?"
Mkuu, ni kweli haikumtaja kwa jina. Ila wapokezi wa hadithi zake ni masahaba wengi mno, na Mtume ametufundisha kila baada ya tashahudi ya mwisho tujikinge kwa Allah na vitu vinne, kimojawapo fitina ya Masihi Dajjal. Unamtaja kila siku kwenye swala. Na ukitaka kinga ametaja aya kumi za mwanzo za Suratul Kahf, zihifadhi, hazichukui muda mrefu.

"Mto Frati unakauka na mlima wa dhahabu umeonekana, klipu ninayo."
Ndugu yangu hadithi ni sahihi, Frati utafichua mlima wa dhahabu, watu watauana juu yake na atakayekuwepo asichukue kitu. Kuna waliosema dhahabu hiyo ni petroli, hilo halisimami kwasababu dhahabu ni dhahabu na petroli ya Iraq haikutoka chini ya maji ya Frati. Na hiyo klipu yako ya mawe yanayong'aa haisimami pia. Frati umepungua kwasababu zinazojulikana, Uturuki wamejenga mabwawa makubwa likiwemo la Atatürk, Syria wana la Tabqa tangu miaka ya 70, na ukame juu yake. Inaweza kuwa ni mwanzo wa jambo, inaweza isiwe. Siku mlima ukitoka hutauona kwenye klipu ya kufowadi, na amri yenyewe ni usiuguse.

"Na yule punda wa Dajjal mwenye masikio mapana, na mnyama wa ardhini mwenye kichwa cha ng'ombe na masikio ya tembo?"
Swali zuri sana shekhe. Mnyama wa ardhini yuko kwenye Qurani, Suratun Naml aya ya 82, atatoka na atawasemesha watu, namuamini kama alivyotajwa. Hivyo vichwa na masikio ni maelezo yaliyomo kwenye vitabu vya tafsiri, hayakuja kwa hadithi sahihi kutoka kwa Mtume. Punda ana mapokezi ila wanazuoni wamebishana kuhusu nguvu yake. Hapa ndo nawalaumu wenzangu wa dhahiri, mnalazimisha watoto waamini picha ambazo hata Bukhari na Muslim hawakuzipokea, mtoto akikua akagundua mapokezi ni dhaifu anatupa na yale yaliyo sahihi. Wengi wanaokimbilia mafumbo wamesukumwa na hayo.

"Imam Suyuti amesema umma hautavuka 1500, sasa tuko 1447."
Suyuti kweli aliandika risala. Wakati wake, mwishoni mwa miaka ya 800 Hijria, watu walikuwa wanasambaza kwamba Mtume hatamaliza miaka elfu kaburini, yeye akawajibu kwamba umma utavuka elfu, akaongeza hesabu yake kwamba hautavuka 1500. Ile ya kwanza ilikuwa jibu zuri. Ya pili ni ijtihadi, yaani rai ya mtu, tena imejengwa juu ya mapokezi dhaifu. Juu ya Suyuti kuna Suratul A'raf aya ya 187, ujuzi wake uko kwa Mola wangu tu. Na kuna Jibril mwenyewe, alipouliza Kiyama ni lini akajibiwa anayeulizwa hajui zaidi ya anayeuliza. Mbora wa malaika na mbora wa mitume hawajui. Tusimpe Suyuti mzigo huo, Allah amrehemu.

"Mbona hii ya kutishana na Kiyama ni ya juzi tu ilipokuja mitandao."
Hapana mzee, ni ya zamani hapa hapa kwetu. Mwaka 1908 ilizunguka Barua ya Makka pwani ya kusini, Lindi na maeneo yale, inasema Sheikh Ahmad mtumishi wa kaburi la Mtume ameota, Mtume amekasirika, mwisho umekaribia, watu watubu. Wajerumani wakashtuka, Majimaji ilikuwa ndo imeisha mwaka uliopita, wakaona ni uchochezi wakaanza kukamata watu. Barua ya huyo huyo Sheikh Ahmad bado inazunguka, zamani tuliletewa fotokopi misikitini, siku hizi WhatsApp, ukituma kwa watu kadhaa unapata kheri usipotuma utapata msiba. Sheikh Ibn Baz wa Saudia aliandika kuikanusha, akasema ni uzushi. Dini haikushuka kwa ndoto ya mlinzi wa kaburi, na hakuna msiba unaokuja kwa kutofowadi. Futa.

"Wanangu wanaogopa kulala kwasababu ya klipu za Dajjal za TikTok, mmoja ana miaka tisa, niwaambieje?"
Dada yangu, pole sana, na wewe ndo umenifanya nifurahi nimeandika. Usimwambie Dajjal hayupo, na usimwambie ni mabenki, hataelewa na si kweli. Mwambie Mtume alipoulizwa sana na Mughira bin Shuba kuhusu Dajjal alimjibu kwa kumtuliza, ana nini cha kukudhuru? Hadithi hiyo ipo Bukhari na Muslim. Mwambie atauawa na Nabii Isa kwenye lango la mji wa Ludd, habari yake ina mwisho na mwisho wake ni kushindwa. Mfundishe hizo aya kumi za Kahf azisome kwa sauti yake kabla ya kulala. Na simu mnyang'anye usiku.

"Mimi ni Mkristo, nauliza Juju na Majuju ndo Gogu na Magogu?"
Ndio mkuu, ndo hao mlionao kwenye Ezekieli 38 na 39 na Ufunuo 20. Na najua na kwenu ubishi wa neno kwa neno au fumbo upo, mkija na uzi wenu nitasoma.

"Juju na Majuju wanajulikana, ni Wachina, sura pana macho madogo, hadithi imesema."
Hii siiachi ipite. Kuna mapokezi yanayotaja sura pana na macho madogo, ni kweli. Kwa maneno hayo hayo watu wamekuwa wakibandika majina zaidi ya miaka elfu moja. Khalifa al-Wathiq kwenye miaka ya 840 alimtuma Sallam mkalimani akautafute ukuta wa Dhulqarnayn uliowafungia Juju na Majuju, akarudi na habari za ukuta na lango la chuma, Ibn Khurdadhbih akaziandika. Walipokuja Watatari (Wamongoli) wakaibomoa Baghdad 1258, Imam Qurtubi akaandika kuwahusu kama mtu anayeona hao ndo Juju na Majuju au ndo watangulizi wao. Vizazi vichache baadae Watatari wale wale wakasilimu, wakajenga misikiti na madrasa. Na kama unashika hadithi shika yote, ile ya Nawwas inapanga foleni: anatoka Dajjal, anashuka Isa anamuua, KISHA Allah anamfunulia Isa kwamba nimewatoa waja ambao hakuna anayeweza kupigana nao, ndo Juju na Majuju, wanapita ziwa Tabariya wanalinywa lote. Isa ameshashuka? Basi hao unaowaona Kariakoo ni wafanyabiashara. Na ndani ya China kuna Waislamu zaidi ya milioni 20, wanaswali kuelekea kibla chako, wanamsalia Mtume wako, na wao pia kwenye tashahudi yao wanajikinga na Dajjal.